KUUZA VIWANJA SI KUJENGA MJI

Mji haukamiliki kwa kuchorwa katika ramani. Mji ni maji ya kunywa, ni njia ya majitaka, ni shule na zahanati, ni mahali pa kazi, na ni utaratibu wa wakazi kuamua mambo yao kwa pamoja. Maneno haya ni ya kawaida mno, hata mtu anaweza kuuliza yana haja gani ya kuandikwa gazetini. Lakini historia ya mji wa Cape Coral, ulioko katika jimbo la Florida nchini Marekani, inadhihirisha kwamba ukweli huu unaweza kusahauliwa kwa makusudi, na kwamba wanaochuma faida ya usahaulifu huo sio wanaokuja kuulipia.

Cape Coral uko kwenye rasi, mahali ambapo mto Caloosahatchee unaingia katika Ghuba ya Mexico, ng'ambo ya mji mkongwe wa Fort Myers. Kabla ya mwaka 1957 ncha ya rasi hiyo, iliyoitwa Redfish Point, ilikuwa pori la misonobari, vinamasi na mikoko. Waliopita humo walikuwa wawindaji, wavuvi na wafugaji. Mwaka huo ndugu wawili, Leonard na Jack Rosen, walianza kuinunua. Kumbukumbu za mji zinasema walilipa dola 678,000, na eneo lililowekwa katika mpango wao likafikia kiasi cha maili za mraba 100, yaani zaidi ya kilomita za mraba 250.

Ndugu hao hawakuwa wahandisi wala mabingwa wa mipango miji. Walikuwa wafanyabiashara kutoka Baltimore waliojipatia utajiri kwa kuuza dawa ya nywele kupitia matangazo ya televisheni. Walichokijua barabara ni namna ya kumfanya mtu atamani leo kitu ambacho jana hakuwa na habari nacho. Ujuzi huo ndio walioingia nao Florida, na kampuni yao, iliyokuja kujulikana kwa jina la Gulf American, iliuza ardhi kwa mbinu zile zile zilizouza chupa za dawa.

Udongo na maji

Tatizo la kwanza lilikuwa la maumbile. Ardhi ya rasi ile ni tambarare na iko chini sana, na wakati wa masika maji hutuama juu yake. Ili nyumba zijengwe ilibidi uso wa nchi uinuliwe, na ili uinuliwe ulihitajika udongo mwingi. Kampuni ilileta mashine kubwa, ikachimba mifereji iliyonyooka kama mistari ya daftari, na udongo uliotoka humo ukatandazwa kando na kuwa viwanja. Hivyo shimo lililochimbwa kwa ajili ya udongo likapata kazi ya pili, nayo ndiyo iliyoleta fedha nyingi zaidi: likajazwa maji, na kiwanja kilicho kandokando yake kikatangazwa kuwa kiwanja cha ukingoni mwa maji.

Hesabu hii ndiyo siri ya mradi mzima. Pwani ya asili ina urefu wake, nayo haiongezeki kwa matakwa ya mfanyabiashara. Lakini mifereji ikichimbwa mmoja baada ya mwingine, ukingo wa maji unaweza kuzidishwa bila kikomo. Hadi mwaka 1963 palikuwa pamekwisha kuchimbwa maili 160 za mifereji, ambapo barabara zilikuwa maili 80 tu, na wakazi walikuwa 2,850. Leo mifereji ya Cape Coral inapita maili 400, sawa na kilomita 640 hivi, na wenyeji wake hujivunia kwamba hakuna mji mwingine duniani wenye mifereji mirefu kiasi hicho. Jambo ambalo matangazo hayakulikazia ni kwamba sehemu kubwa ya mifereji hiyo ni ya maji matamu yasiyoungana na bahari. Mwenye kiwanja hapo anaweza kuketi barazani na kuyatazama maji, lakini mashua yake haiendi popote.

Soko la ndoto

Viwanja viliuzwa zaidi kwa watu waliokuwa mbali: wafanyakazi wa viwandani, makarani, walimu na wastaafu wa majimbo ya kaskazini yenye baridi kali. Walialikwa kwenye karamu za bure katika miji yao, wakaonyeshwa picha za jua, minazi na mashua, kisha wakawekewa mkataba mezani. Malipo yalifanywa yaonekane madogo, kiasi cha dola 20 kwa mwezi, ili yule asiyeweza kununua nyumba aamini kwamba walau ndoto anaimudu. Wengine walisafirishwa kwa ndege kwenda kuona wenyewe, na kampuni ikafikia hatua ya kumiliki shirika lake la ndege kwa kazi hiyo. Walipofika walipokewa kwa bustani za waridi na chemchemi zilizorusha maji kwa kufuata muziki, wakazungushwa katika mitaa michache iliyokwisha kujengwa.

Wengi, hata hivyo, hawakufika kamwe. Walinunua kwa kuitazama ramani, na kwa lugha ya mitaani waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Ramani ilionyesha mtaa wenye jina na kiwanja chenye nambari, ambapo penyewe palikuwa bado vichaka na maji. Aidha, kwa mikataba ya aina ile mnunuzi hakupewa hati mpaka amalize kulipa. Aliyeshindwa katikati alipoteza kiwanja pamoja na fedha alizokwisha kutoa, na kiwanja kile kile kikarudi sokoni.

Palipokuwa na haraka ya kuuza, ukweli nao ulikanyagwa. Habari zilifichuka kwamba katika vyumba walimowekwa wageni palitegwa vinasa sauti, ili wauzaji wasikie mume na mke wanavyoshauriana, kisha warudi kwao na jibu la kila wasiwasi. Mwaka 1967, mbele ya bodi ya jimbo iliyosimamia uuzaji wa ardhi, kampuni ilikiri makosa ya kutumia mbinu za udanganyifu, ikasimamishwa kuuza kwa siku 30. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimisha wauzaji wa viwanja kuvuka mipaka ya majimbo kumweleza mnunuzi ukweli wote kuhusu ardhi anayouziwa. Ni jambo la kutafakari kwamba nchi inayosifu soko huria kuliko zote ililazimika kutunga sheria ili kiwanja kinachouzwa kijulikane ni kiwanja cha namna gani.

Mwaka 1969 ndugu Rosen waliiuza kampuni yao kwa shirika jingine lililoitwa GAC. Katikati ya miaka ya 1970 shirika hilo nalo likafilisika. Waanzilishi walikuwa wamekwisha kuchukua faida yao. Waliobaki rasini ni wakazi.

Mji unatafuta mji

Mwezi Agosti 1970 Cape Coral ulipata hadhi ya kuwa mji wenye serikali yake. Hapo ndipo wakazi walipoanza kuhesabu walichorithi. Walirithi mitaa mingi, mifereji mingi na makumi ya maelfu ya viwanja vidogo vidogo vilivyokwisha kuuzwa kwa watu waliotawanyika kote Marekani na nchi za nje. Mambo yanayofanya mji uwe mji yalikuwa machache, na mengine hayakuwapo kabisa.

Karibu ardhi yote ilikuwa imekatwa viwanja vya nyumba za kuishi, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyouzika upesi. Ardhi ya viwanda, ya ofisi, ya masoko na hata ya shule ilikuwa haba. Mji ulipotaka eneo la kutosha kwa shughuli hizo ulipaswa kuwatafuta wenye viwanja mmoja mmoja, popote walipo, na kununua tena kile ambacho mpangaji mwenye busara angekitenga tangu siku ya kwanza bila gharama. Matokeo yake, kwa miaka mingi maelfu ya wakazi wamekuwa wakivuka mto kila asubuhi kwenda kutafuta riziki Fort Myers. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 1964, na la pili likafuata mwaka 1997. Kodi za wakazi ndizo zilizoubeba mzigo wa mji, kwa kuwa biashara za kuuchangia zilikuwa chache.

Maji ni kisa kinachoshangaza zaidi. Mji wenye mamia ya maili za mifereji ulipungukiwa maji ya kunywa. Mifereji ilikuwa imeikausha nchi: mvua ambayo zamani ilituama na kuzama polepole ardhini, sasa ilikimbia baharini. Nyumba za mwanzo zilitegemea visima na mashimo ya choo, na haikuchukua muda kuonekana kwamba visima na mashimo ya choo haviwezi kuongezeka pamoja katika viwanja vidogo vilivyobanana. Tangu miaka ya 1970 mji ulilazimika kuvuta maji yenye chumvi kutoka chini sana ardhini na kuyachuja kwa mitambo ya gharama. Kazi ya kutandaza mabomba ya maji safi na ya majitaka imeendelea kipande kwa kipande hadi karne hii, na katika awamu za karibuni kaya moja imetakiwa kuchangia makumi ya maelfu ya dola. Katika sehemu za kaskazini ambako mabomba hayajafika, wako wakazi ambao visima vyao vimekauka.

Tuseme basi gharama hizo zingewekwa ndani ya bei ya kiwanja mwaka 1958. Je, zile dola 20 kwa mwezi zingebaki dola 20? Hapana shaka zisingebaki. Bei ya kiwanja ilikuwa ndogo kwa sababu haikuwa bei kamili. Sehemu iliyobaki iliahirishwa, na deni hilo wakaachiwa watu ambao siku ya kuandikwa mkataba wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Mikoko nayo inadai

Upande wa maumbile hesabu ni hiyo hiyo. Mikoko iliyokatwa kando ya rasi ilikuwa malezi ya samaki na kinga ya pwani. Vinamasi vilivyokaushwa vilikuwa kichujio cha maji kilichofanya kazi bila mshahara. Maji hufuata mkondo, na mkondo ukinyooshwa kwa mashine, maji hufika baharini kwa kasi yakiwa na uchafu wote wa bustani na mitaa. Katika miaka ya 1970 wakuu wa jimbo waliingilia kati, na kampuni ikatakiwa kujenga mifereji maalumu ya kuyasambaza maji matamu ili yapite ndani ya mikoko badala ya kumwagika mahali pamoja. Hata hivyo, palipokwisha kuharibiwa hapakurudi kuwa kama palivyokuwa. Mwaka 2018 mwani wenye sumu ulioshuka na maji ya mto Caloosahatchee ulijaa katika mifereji kadhaa ya mji, ukatanda rangi ya kijani na kutoa harufu mbaya. Wale walionunua nyumba zao kwa ajili ya maji wakafunga madirisha wasiyaone.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kusini kidogo, katika kaunti ya Collier. Huko kampuni hiyo hiyo ilianzisha mradi mwingine ulioitwa Golden Gate Estates. Ilichimba mifereji, ikachonga barabara na kuuza viwanja kwa maelfu ya watu, lakini katika sehemu ya kusini ya mradi karibu hakuna aliyejenga. Nchi ilikauka, moto wa porini ukazidi, na maji ya mvua yakaporomoka baharini. Serikali ya jimbo na ile ya shirikisho zilitumia miaka mingi kununua tena viwanja vile kutoka kwa wenyewe, kisha zikaanza kuziba kiasi cha maili 48 za mifereji na kung'oa kiasi cha maili 260 za barabara, ili ekari 55,000 zirudi kuwa kinamasi. Yaani fedha za umma zimetumika kufuta kazi iliyofanywa kwa faida ya watu binafsi. Mfano huu unatosha kuonyesha ni nani hulipa pale mipango ya ardhi inapoachwa mikononi mwa muuzaji peke yake.

Mjengo na mnada

Mji uliolelewa kwa biashara ya viwanja haukuacha tabia hiyo kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabenki yalitoa mikopo ya nyumba kwa urahisi usio wa kawaida, na Cape Coral ukajaa mafundi, madalali na walanguzi walionunua asubuhi na kuuza jioni. Ujenzi wenyewe ukawa ndio shughuli kuu ya uchumi, kana kwamba watu wanaweza kuishi kwa kujengeana nyumba. Bei zilipoanguka, mji ulianguka nazo. Katika mwaka 2008 na 2009 eneo la Cape Coral na Fort Myers lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoongoza Marekani nzima kwa nyumba kukamatwa na mabenki. Rais Barack Obama alikwenda Fort Myers tarehe 10 Februari 2009, wiki tatu baada ya kuapishwa, kuzungumzia msukosuko huo. Mitaa mizima ilikuwa na nyumba mpya ambazo hakuna aliyezikaa, na nyasi zilifika madirishani.

Kisha tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga kilichopewa jina la Ian kilitua katika kisiwa cha Cayo Costa, magharibi mwa mji huo, kikiwa na nguvu za daraja la nne. Kimbunga hicho kiliua zaidi ya watu 100. Pwani ya Fort Myers Beach ndiyo iliyoharibiwa vibaya kuliko zote, lakini Cape Coral nao uliezuliwa mapaa, ukakatika umeme na maji, na maji ya bahari yakaingia kwa njia ile ile ya mifereji iliyouzwa kama pambo. Watu waliitengeneza miji yao na wengi wakarudi. Lakini swali la mwaka 1957, kama rasi ile ilifaa kujazwa watu kwa namna ile, lilirudi pia, na safari hii liliulizwa na makampuni ya bima.

Haki nayo isemwe

Haingekuwa haki kusema kwamba hakuna jema lililotoka Cape Coral. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 194,016, zaidi ya mara mbili ya wakazi wa Fort Myers. Wastaafu wengi wa kipato cha wastani, ambao wasingemudu nyumba katika fukwe za matajiri, walipata makao na jua walilolitamani. Wakazi wa mwanzo walianzisha wenyewe vikundi vya zimamoto, makanisa na vyama vya kijamii, na nguvu hiyo ya pamoja ndiyo iliyogeuza orodha ya viwanja kuwa jumuiya. Lakini sifa hiyo ni ya wakazi. Wao ndio waliojenga mji, kwa kodi zao na kwa mikutano yao, baada ya wauzaji kuondoka.

Mwalimu wa Mbagala au karani wa Dodoma anaweza kuuliza habari za Florida zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Katika miji ya Tanzania leo ziko kampuni nyingi zinazopima mashamba na kuuza viwanja kwa malipo ya kidogo kidogo, na wateja wao wakubwa ni watumishi wa umma wenye mshahara wa mwezi, kama walivyokuwa wateja wa ndugu Rosen. Kupima na kuuza si kosa, na mtumishi kupata kiwanja chenye hati ni jambo jema. Lakini kiwanja kina thamani ya mji unaokizunguka. Mnunuzi ana haki ya kwenda kuona kwa macho yake, na kuuliza maji yatatoka wapi, mvua ya masika itapita wapi, shule na soko vimetengewa eneo gani, barabara itatengenezwa na nani na kwa fedha zipi, na hati itatoka lini. Asipopewa majibu sasa, atayanunua baadaye kwa bei kubwa zaidi.

Kwa upande wao, maofisa ardhi na maofisa mipango miji wana dhamana isiyoweza kukabidhiwa kwa muuzaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mdhamini ana wajibu kwa watakaokuja pia, wala si kwa wanunuzi wa leo tu. Ofisa anayepitisha ramani isiyo na eneo la shule, au inayoziba mkondo wa maji, anatia sahihi deni ambalo atalilipa mtoto aliye darasa la kwanza leo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Cape Coral umekuwa ukijenga ukuta huo kwa zaidi ya miaka 50, na bado haujamaliza.